"Stadiums" au "stadia"? Namna ya kuchagua wingi unaokufaa katika Kiingereza cha kuandika

Unaandika ripoti ya Kiingereza kuhusu mashindano yatakayochezwa kwenye viwanja vinane. Umefika kwenye neno "stadium", unautaka wingi wake, na unasita: "stadiums" au "stadia"? Ukifungua kamusi ya Oxford unayakuta yote mawili. Ukihamia Merriam-Webster ya Marekani, hali ni ile ile. Mhariri mmoja atakuambia "stadia" ndicho Kiingereza cha watu waliosoma, mwingine atalikata kwa wino mwekundu na kuandika "stadiums" juu yake. Kila mmoja ana hoja yake. Kamusi haitakuamulia ugomvi huu, kwa hiyo inabidi uamue mwenyewe kwa kuangalia unamwandikia nani na unaandika kuhusu nini.

Nimeandika ulinganisho huu kwa sababu naona watu wengi wenye Kiingereza kizuri wakikwama hapa, kisha wakachanganya yote mawili kwenye ukurasa mmoja. Kuchanganya huko ndiko kunakoharibu kazi kuliko chaguo lolote kati ya hayo mawili.

Tunapima kwa vigezo gani?

Vigezo vyangu ni vinne. Cha kwanza ni asili: neno limetoka wapi, na wingi wake unafuata kanuni gani. Cha pili ni matumizi: nani analiandika leo, na kwenye machapisho ya aina gani. Cha tatu ni namna linavyokaa kwenye sentensi, maana neno linaweza kuwa sahihi kwenye kamusi na bado likakusumbua kwenye aya. Cha nne ni utata: je, msomaji anaweza kulielewa vingine? Uzuri wa neno sikuuweka humo, kwa kuwa kila mwandishi ana sikio lake.

"Stadiums"

*Asili.* Huu ni wingi wa Kiingereza cha kawaida: chukua neno, ongeza "s". Wanaoutetea wanakumbusha kwamba Kiingereza kina maneno mengi yenye mwisho wa "-um" yaliyotoka Kilatini, na mengi kati ya hayo yameshaacha wingi wa huko yalikotoka. "Museum" ni "museums", "album" ni "albums". Hakuna anayeandika "musea" wala "alba" akitegemea kueleweka. Kwa hoja hiyo, neno likishakuwa la kila siku hufuata sarufi ya lugha iliyolipokea. "Stadium" ni la kila siku kweli: liko kwenye kurasa za michezo kila asubuhi.

*Matumizi.* Upande huu una wafuasi wengi zaidi, Marekani na hata Uingereza kwenyewe. Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la AP, unaofuatwa na vyumba vingi vya habari vya Marekani, unaelekeza "stadiums". Mwongozo wa gazeti la Guardian la Uingereza unaelekeza hivyo hivyo. FIFA nayo ilipotoa mwongozo wake wa kiufundi kuhusu viwanja mwaka 2011, neno lililowekwa kwenye jina la mwongozo lilikuwa "Stadiums".

*Kwenye sentensi.* Hapa "stadiums" halina shida. Ile "s" inaonyesha wingi waziwazi, kwa hiyo kitenzi hukipati kwa taabu: "The stadiums are ready." Kosa kubwa linalojitokeza ni la ritifaa, ile alama ya ('). Watu huandika "The city has three stadium's" wakidhani ritifaa inaleta wingi. Haileti. "The stadium's roof" ni paa la uwanja mmoja, na "the stadiums' roofs" ni mapaa ya viwanja kadhaa. Ukitaka wingi mtupu, ritifaa haina kazi hapo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi hawalioni. Unapounganisha majina mawili ya viwanja kwa neno moja la wingi, Kiingereza kinachofuata AP hurudisha herufi ndogo: "Yankee Stadium" peke yake ina herufi kubwa, lakini ukiutaja pamoja na mwenzake unaandika "Yankee and Dodger stadiums". Katika muundo huu "stadia" lingeonekana geni kwa karibu kila msomaji.

*Utata.* Hakuna wa kutaja. Msomaji akikutana na "stadiums" anawaza majengo ya michezo, basi.

*Linamfaa nani.* Mwandishi wa habari, mtafsiri wa taarifa za michezo, mwanafunzi wa insha, mtu wa mawasiliano anayeandika kwa umma mpana, na yeyote ambaye wasomaji wake wengi hawakuzaliwa na Kiingereza.

"Stadia"

*Asili.* Huku kuna historia nzuri, na ni haki kuisimulia kwa nafasi yake. Wagiriki wa kale walikuwa na kipimo cha urefu walichokiita stadion, chenye futi 600 za Kigiriki. Futi zenyewe zilitofautiana mahali na mahali, kwa hiyo kipimo kilibadilika kidogo. Pale Olympia, njia ya mbio ilikuwa na urefu wa karibu mita 192. Mbio za umbali huo mmoja zilibeba jina la kipimo, na ndizo ambazo mapokeo yanazitaja kuwa shindano la kwanza la Olimpiki mwaka 776 KK. Baadaye jina likahama tena: kutoka kwenye umbali kwenda kwenye mbio, kutoka kwenye mbio kwenda kwenye mahali zilipokimbiwa, pamoja na miteremko ya kukalia watazamaji. Warumi wakalichukua na kuliandika "stadium". Wingi wake ulikuwa "stadia" katika Kigiriki na katika Kilatini pia.

Kwa hiyo anayeandika "stadia" ana msingi wa lugha mbili za kale, na Kiingereza chenyewe bado kina ndugu za neno hilo: "bacterium" na "bacteria", "stratum" na "strata". Wapo wanaosema "stadia" ni kujikweza tu. Sikubaliani nao. Ni wingi halali, wenye umri mkubwa kuliko Kiingereza, na watu wanaolitumia kazini hawalitumii kwa kujionyesha.

*Matumizi.* Ni nani hao? Zaidi ni Waingereza kuliko Wamarekani, na zaidi ni watu wa majengo kuliko watu wa habari. Wasanifu, wahandisi, wataalamu wa usalama wa watazamaji na maofisa wanaogawa fedha za ukarabati wamelizoea sana. Uingereza ilikuwa na mfuko wa kusaidia vilabu vidogo kukarabati viwanja ulioitwa Football Stadia Improvement Fund. Mwaka 2003 ukatoka huko huko mwongozo wa kurahisisha viwanja kwa watu wenye ulemavu, uitwao "Accessible Stadia". Ukiandikia watu wa fani hiyo, "stadia" halitamshtua yeyote. Inafaa kujua pia kwamba mfuko ule baadaye ulibadilishwa jina kuwa Premier League Stadium Fund, na wingi ukaondoka kabisa kwenye jina lake.

*Kwenye sentensi.* Hapa ndipo penye mitego, na ningependa tukae kidogo.

"Stadia" tayari ni wingi. Lakini kwa kuwa halina "s", jicho linalisahau. Soma sentensi hii:

"This stadia is one of the biggest stadias in the world."

Ina makosa matatu kwenye mstari mmoja, na kikagua tahajia kinaweza kunyamazia mawili kati yake kwa sababu kwenye kamusi neno "stadia" lipo. "This" inataka umoja, "is" inataka umoja, na "stadias" ni wingi juu ya wingi. Ukiwa na uwanja mmoja, andika "This stadium is". Vikiwa kadhaa, andika "These stadia are". Na sehemu ya mwisho iwe "one of the biggest stadia in the world", kwa kuwa baada ya "one of the" Kiingereza hutaka wingi hata kama unazungumzia kimoja.

Chanzo cha kosa hili kinaeleweka. Maneno kama "data" na "media" yalikuwa wingi vilevile, na leo mamilioni ya watu huandika "the data is" bila kukosolewa. Mwandishi akiyazoea hayo huona "the stadia is" ni jambo lile lile. Bado halijafika huko. Mhariri atakayelikubali "the data is" anaweza kabisa kulikata "the stadia is".

Umiliki nao unahitaji tahadhari. "The stadia's roofs" ni sahihi kisarufi, ila wengi watasoma kana kwamba Stadia ni jina la kitu. Afadhali "the roofs of the stadia". Na kama maandishi yako yatasomwa kwa sauti, hotuba kwa mfano, fikiria kwamba msikilizaji haoni herufi. Atasikia "stadia" na huenda asijue kama ni kimoja au vingi mpaka kitenzi kifike.

*Utata.* Upo, na unatoka pande tatu. Wapima ardhi wana njia ya kupima umbali iitwayo "stadia": darubini ya chombo ina nyuzi mbili nyembamba, moja juu ya msalaba wa katikati na moja chini yake. Mpimaji husoma namba mbili kwenye fito iliyosimamishwa mbali, hutoa ndogo kutoka kwenye kubwa, na kwa kawaida huzidisha jibu kwa 100 kupata umbali. Kwake "stadia" haina uhusiano na mpira. Upande wa pili ni wanahistoria: Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki wa kale aliyefanya kazi Alexandria, alikadiria mzingo wa dunia kuwa stadia 250,000, na hapo ni kipimo, si jengo. Ukiandika "250,000 stadiums" msomaji atacheka. Upande wa tatu ni Google, iliyokuwa na huduma ya michezo ya kompyuta iitwayo Stadia, iliyoanza Novemba 2019 na kufungwa Januari 2023. Huduma imekufa, lakini makala zake bado ziko kwenye intaneti, na anayetafuta neno hilo hukutana nazo.

*Linamfaa nani.* Mhandisi, msanifu majengo, mwanafunzi wa usanifu au wa usimamizi wa michezo anayenukuu maandiko ya Uingereza, mwandishi wa historia ya kale, na ofisa anayeandikia taasisi ambayo nyaraka zake zote tayari zinatumia "stadia".

Njia ya kukwepa wingi

Mara nyingi wingi wenyewe hauhitajiki. Kiingereza kikitumia nomino kueleza nomino nyingine, ile ya mbele kwa kawaida hubaki umoja: "three stadium projects", "stadium safety", "stadium lights". Taa zinaweza kuwa za viwanja kumi, neno likabaki "stadium". Kwa hiyo badala ya "the safety of stadiums" au "the safety of stadia", andika "stadium safety" na ugomvi umekwisha. Naipenda njia hii kwa vichwa vya habari na majina ya ripoti, ambako neno moja likimkera msomaji linamkera kabla hajafungua ukurasa.

Njia nyingine ni "venues". Hili linameza kila aina ya jengo la tukio, la wazi na la ndani. Ukiwa na orodha inayochanganya uwanja wa mpira, ukumbi wa mpira wa kikapu na bwawa la kuogelea, "venues" ni sahihi kuliko "stadiums" na "stadia" kwa pamoja.

Lakini je, ni "stadium" kweli?

Swali hili linatugusa sisi wa Kiswahili hasa, maana "uwanja" wetu ni mpana mno. Tunasema wachezaji wameingia uwanjani, mashabiki wamejaa uwanjani, nyasi za uwanja zimeharibika, na neno ni lile lile. Ukihamisha hivyo hivyo unapata "The players ran onto the stadium", sentensi inayomchorea Mwingereza wachezaji wanaokimbia juu ya jengo. Anachotaka kusikia ni "onto the pitch", yaani eneo lenye mistari na magoli. Mmarekani angeandika "onto the field". Mashabiki ndio wako "in the stadium" au "at the stadium": "in" ukiwaza wako ndani ya kuta, "at" ukitaja tu mahali tukio lilipo.

Halafu kuna "ground", neno ambalo Waingereza hulitumia sana kwa uwanja wa klabu, mdogo kwa mkubwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1975 kuhusu usalama wa viwanja vya michezo iliwahi kuweka mpaka wenye manufaa kwa mwandishi: "sports stadium" ni uwanja wa michezo ambao sehemu za watazamaji zinalizunguka eneo la mchezo lote, au kwa sehemu kubwa. Uwanja wenye jukwaa moja upande mmoja na kamba pande tatu ni "ground". Ukiuita "stadium" umeukuza.

"Arena" lina habari yake. Kwa Kilatini ni mchanga, ule uliomwagwa kwenye sakafu ya mapambano ili unyonye damu. Wingi wake ni "arenas" peke yake, hakuna mshindani. Katika Kiingereza cha leo, likiwa neno la kawaida, msomaji huwaza jengo lenye paa. Mfano mzuri uko London, ambako majengo mawili yamekaa jirani na jina la Wembley wanachangia. Wembley Stadium wa sasa ulifunguliwa mwaka 2007 na una viti 90,000. Karibu yake kuna Wembley Arena, jengo la ndani lililofunguliwa mwaka 1934 kama bwawa la kuogelea, ambalo leo ni la matamasha na huchukua watu wapatao 12,500. Ukiandika "the two stadiums at Wembley" umekosea, hata kama wingi wenyewe umeupatia.

Majina rasmi hayafuati mpaka huo. Allianz Arena ya Munich, iliyofunguliwa mwaka 2005, ni uwanja wa mpira wenye anga juu ya nyasi. Jina liache lilivyo, na maelezo yako yatumie neno la kawaida: "the Allianz Arena is a football stadium". "Arena" pia ndilo linalofanya kazi ya mafumbo. "The political arena" ni Kiingereza cha kila siku, ilhali "the political stadium" hakuna anayeandika.

Na "Colosseum"? Kwa jengo la Roma, lililozinduliwa na mfalme Tito mwaka 80 BK, tahajia ya leo ni "the Colosseum", yenye "o" mbili, "s" mbili, "the" mbele na herufi kubwa. "Coliseum" ni tahajia iliyokuja kutoka Kilatini cha zama za kati, na majengo mengi ya kisasa yameibeba: Los Angeles Memorial Coliseum, uliofunguliwa mwaka 1923 na kuandaa Olimpiki za 1932 na 1984, na ukumbi wa maonyesho wa London Coliseum wa mwaka 1904. Usishangae ukimkuta Byron, mshairi wa Kiingereza, akiliandika jengo la Roma kwa "Coliseum". Zama zake ilikuwa kawaida. Usijenge kanuni kamili pia, maana Las Vegas kuna ukumbi ulioamua kujiita The Colosseum. Jina la jengo mahususi likague kwenye tovuti yake kabla hujaliandika.

Uchague lipi kwa hali yako?

Kama chombo chako, chuo chako au mteja wako ana mwongozo wa uandishi, fuata huo hata kama sikio lako linapinga. Usipojua kama upo, uliza. Ni swali la dakika moja, nao huokoa mzunguko mzima wa masahihisho.

Kama unaandika kwa umma, habari, tangazo, chapisho la mtandaoni au insha ya darasani, "stadiums" ndilo litakalokupunguzia usumbufu. Hali ni hiyo hiyo kama bado unahangaika na vitenzi vya wingi vya Kiingereza, kwani ile "s" itakulinda.

Kama unaandika andiko la kitaalamu la ujenzi, usalama au usimamizi, na vyanzo vyako vingi ni vya Uingereza, "stadia" litakufanya usomeke kama mtu wa ndani ya fani. Ukilichagua, fanya utafutaji mmoja wa neno hilo kwenye faili lote kabla ya kutuma, na kila linapotokea tazama kitenzi na kionyeshi ("this" au "these") kilicho karibu nalo.

Kama msomaji wako ni Mmarekani, "stadia" litamsimamisha kidogo hata akilielewa. Kama ni Mwingereza, yote mawili yatapita.

Kama unaandika kuhusu vipimo vya Wagiriki, tumia "stadia", au "stades", ambalo wanahistoria wengine hulipendelea. "Stadiums" hapo halina nafasi.

Kama unanukuu, usiguse. Maandishi yako yanaweza kutumia "stadiums" kuanzia mwanzo hadi mwisho huku nukuu moja ya mhandisi ikiwa na "stadia", na hilo si mchanganyiko wa kukulaumu. Hali ni hiyo hiyo kwa majina ya mifuko, miongozo na kampuni: yaandike kama wenyewe walivyoyaandika, herufi kwa herufi.

Na kama mnaandika wawili au zaidi kwenye faili moja, kubalianeni kabla ya aya ya kwanza, neno hilo liwekwe juu kabisa ya rasimu pamoja na tahajia za majina ya viwanja vyote mtakavyovitaja.